Masisi: Gari ikikataa kuwaka Mweso, kompyuta ndiyo inashitakiwa kwanza

Kwenye barabara ya Sake, Kilolirwe, Kitshanga mpaka Mweso, kuna pane ambazo shofere hazimuogopeshi. Pine ikipasuka, inabadilishwa. Resori ikivunjika, inafungwa kwa mpira na kipande cha chuma, na gari inaendelea polepole mpaka ifike. Pane yenye kuogopesha ni ile isiyoonekana kwa macho: batri ina nguvu, demareri inazungusha vizuri, esansi iko kwenye tanki, lakini motere haiwaki. Abiria wanashuka mmoja mmoja na kutafuta motari. Makanika anafika, anafungua kapo, anavuta waya mbili tatu, kisha anatoa hukumu: kalkilateri imekufa.

Kalkilateri ndilo jina ambalo mafundi wengi wa Kongo wanaipa kompyuta ya motere. Wengine wanasema tu ubongo wa gari. Ni boksi ya chuma, ukubwa wake kama kitabu kinene, yenye fishi mbili au tatu za nyaya nyingi. Katika Toyota nyingi imejificha nyuma ya kijisanduku cha dashibodi, upande wa abiria, mahali ambapo shofere anaweka karatasi za gari bila kujua kuna nini nyuma yake.

Kwa mtu wa Mweso, hukumu hiyo ni nzito. Mji uko karibu kilomita 100 kutoka Goma, na piesi ya namna hiyo haiuzwi kando ya barabara kama bujii au mafuta ya motere. Inaagizwa. Pesa zinatumwa mbele, siku zinapita, na gari inalala. Mwenye gari anapoteza kazi, na mama mwenye maharagi au fromage ya kupeleka Goma anatafuta njia nyingine, yenye bei zaidi. Halafu boksi inafika, inafungwa, na mara nyingine motere inabaki kimya vilevile. Hapo ndipo watu wanatambua kwamba ubongo haukuwa na ugonjwa.

Mafundi wenye uzoefu wa umeme wa magari wanajua jambo hili: kompyuta ni moja ya piesi zinazokufa mara chache. Vinavyokufa kila siku ni nyaya, masi, rele na kapteri. Lakini nyaya zinahitaji subira na kipimo, na kompyuta inahitaji tu neno moja.

Herufi moja kwenye motere

Mbele ya kuzungumza juu ya kubadilisha kompyuta, inafaa kujua kama gari inayo. Magari mengi ya njia hii hayana. Land Cruiser nyeupe za mashirika, zile ndefu zenye kubeba wagonjwa na dawa, nyingi zina motere ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, mazuti, pompi ya kawaida isiyoongozwa na kompyuta. Toyota ilianza kuiweka kwenye magari yake mwaka 1990. Inachohitaji ni umeme kidogo wa kufungua mazuti na wa kuzungusha demareri, basi. Ndiyo sababu mashirika yenye kufanya kazi kwenye barabara mbaya yaliendelea kuinunua miaka mingi baada ya dunia kuhamia kwenye elektroniki. Hiace na Hilux za zamani zenye motere ya 3L au 5L ziko hivyo pia, sawa na Fuso nyingi za zamani zenye kubeba mizigo.

Kwa Toyota, jibu limeandikwa kwenye jina la motere lenyewe. Herufi E mwishoni maana yake ni kwamba sindano ya mafuta inaongozwa na elektroniki. RAV4 ya kwanza na Noah nyingi zina 3S-FE. Corolla na Carina za miaka ya 1990 nyingi zina 4A-FE au 5A-FE. Prado yenye 1KZ-TE inakunywa mazuti, lakini pompi yake inatii kompyuta. Ndugu yake 1KZ-T, bila E, haitii mtu isipokuwa mguu wa shofere. Na zile zenye kuishia na V, kama 1KD-FTV na 2KD-FTV za Hilux, Prado na Hiace za miaka ya 2000, zina kompyuta inayosimamia mazuti yenye presha kubwa sana, na hazisamehe mchezo.

Teknolojia yenyewe si mpya. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza sindano ya esansi ya elektroniki kwa magari mengi mwaka 1967, kwenye Volkswagen 1600 iliyokuwa ikipelekwa Marekani. Kile kilichokuja baadaye ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu, yenye kusikiliza motere mara nyingi kwa kila sekunde na kuamua: injekteri ifunguke kwa muda gani, bujii iwake saa ngapi. Inasikiliza kupitia kapteri. Kuna ya joto la maji, ya hewa inayoingia, ya pedali, na ile muhimu kuliko zote, yenye kuiambia kwamba motere inazunguka na pistoni iko wapi. Ikikosa habari ya hii ya mwisho, kompyuta nzima kabisa inakaa kimya. Haitoi cheche, haitoi mafuta. Kwa mtu anayetazama nje, inafanana na maiti.

Taa ndogo yenye kusema mengi

Uchunguzi wa kwanza haugharimu hata frangi moja. Shofere anafungua kontakti bila kuwasha motere, na kutazama taa ya njano yenye picha ya motere kwenye dashibodi. Ikiwaka, kompyuta imepata umeme na imeamka; mara nyingi si yenyewe yenye kosa. Isipowaka, na balbu ikiwa nzima, kuna mambo manne ya kutafuta: kompyuta haipati umeme, au haina masi, au kapteri moja inaivuta chini, au kweli imekufa. Kifo ni cha nne kwenye orodha, si cha kwanza.

Umeme unaifikia kupitia fizible na rele kubwa, ambayo kwenye Toyota imeandikwa EFI kwenye kifuniko cha boksi la fizible. Rele hiyo inachoka, miguu yake inaungua, na vumbi la barabara ya Masisi halisaidii. Kuibadilisha kwa muda na rele nyingine yenye namba sawa, kama ile ya honi au ya taa kwenye gari ileile, ni kazi ya dakika moja. Magari mangapi yamewaka hapohapo, wakati pesa ya kalkilateri ilikuwa tayari inatafutwa kwa jamaa na majirani!

Masi ndiyo mwizi mkubwa zaidi. Nyaya za masi za kompyuta zinafungwa kwa bulo kwenye motere yenyewe. Motere ikitolewa ili kubadilisha jwenti au embreyaji, kisha ikarudishwa haraka, bulo moja inasahauliwa au inafungwa juu ya kutu na mafuta. Gari inawaka leo, inakataa kesho, inawaka ikiwa baridi, inazima ikipata joto. Fundi mwenye mulitimeta anapima kati ya masi ya kompyuta na kichwa cha kutoa cha batri wakati demareri inazungusha. Akiona zaidi ya sehemu ndogo sana ya volti, amepata pane yake. Asiye na mulitimeta anaweza angalau kufungua bulo hizo, kuzipiga brashi ya chuma na kuzikaza tena.

Jambo la kapteri kuivuta kompyuta chini linashangaza hata mafundi wazuri. Kompyuta inatuma volti 5 kwa kapteri kadhaa kwa wakati mmoja, kupitia chanzo kimoja. Kapteri moja ikiharibika ndani, au waya yake ikimenyeka na kugusa chuma, volti hizo 5 zinazama na kompyuta inalala. Taa haiwaki tena. Dawa ni kutoa fishi za kapteri moja baada ya nyingine, kontakti ikiwa wazi. Taa ikirudi ghafla, yenye kosa ni ile iliyotolewa mwisho. Na nyaya zenye kumenyeka haziko nadra kwa gari inayobeba magunia ya mahindi na maharagi: panya anapanda kwa ajili ya mahindi, anabaki kwa ajili ya nyaya.

Kuhesabu mimuliko

Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina njia ya kusema ugonjwa wao bila mashini yoyote. Chini ya kapo kuna kiboksi cha plastiki chenye maandishi DIAGNOSTIC. Ndani ya kifuniko kuna jina la kila tundu. Fundi anaunganisha TE1 na E1 kwa kipande kidogo cha waya, anafungua kontakti bila kuwasha, kisha anahesabu mimuliko ya taa ya motere. Ikimulika kwa haraka na sawasawa bila kusimama, hakuna kosa lililoandikwa kwenye kumbukumbu. Ikimulika mara moja, ikapumzika, ikamulika mara mbili, hiyo ni 12: kompyuta haikupata habari kwamba motere inazunguka, na wa kutazamwa ni delko na nyaya zake. 14 inaelekeza kwenye moduli ya cheche. 22 ni kapteri ya joto la maji, 24 ya joto la hewa, 31 ya kipimo cha hewa inayoingia, 41 ya pedali. Anatakiwa kuwa mwangalifu tu asikosee tundu, kwa sababu akiunganisha +B na E1 ataunguza fizible.

Hiyo namba 14 inastahili maneno mengine mawili. Kompyuta ya Toyota inatuma amri ya cheche kwa moduli, na moduli inatakiwa kujibu kwamba imefanya kazi. Jibu lisiporudi, kompyuta inafunga mafuta yenyewe, kwa makusudi, ili esansi isiyoungua isijae kwenye ekzosti. Hakuna cheche, hakuna mafuta. Makanika asiyejua hilo anasema ubongo umekufa, kumbe ubongo umetii tu kile ulichofundishwa.

Kwa magari ya baadaye kuna fishi ya matundu 16 chini ya usukani, yenye kusomwa na kifaa kidogo cha Bluetooth na simu. Marekani ililazimisha fishi hiyo kwa magari mapya ya 1996, Ulaya ikafuata kwa yale ya esansi tangu 2001. Lakini gari iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani, ile yenye usukani wa kuume, inaweza kuwa na fishi ya umbo hilohilo na isiongee lugha hiyo. Simu inasema haioni kompyuta, na mtu anaamini kompyuta haipo tena. Ni kosa lililouza boksi nyingi.

Kwa 1KD na 2KD za kwanza kuna mtego mwingine. Kati ya kompyuta na injekteri kuna boksi ya pili, yenye kupandisha umeme wa kufungua injekteri. Inaitwa EDU. Hiyo ikifa, dalili ni zilezile. Na mazuti machafu, yenye maji, yaliyonunuliwa kwa bidoni njiani, yanaweza kuleta hali inayofanana na hayo yote. Filtre ya mazuti ni bei rahisi kuliko boksi yoyote.

Namna kompyuta inauawa kweli

Hata hivyo, kompyuta zinakufa, na mara nyingi kwa mkono wa mtu. Desturi mbaya kuliko zote ilitoka kwenye magari ya mazuti ya zamani: kutoa waya ya batri wakati motere inawaka, ili kuona kama alternateri inachaji. Kwa 1HZ, motere inaweza kuendelea kuunguruma na fundi anafurahi. Kwa gari yenye kompyuta, batri ndiyo inameza mawimbi ya umeme ya alternateri. Ikiondolewa ghafla, volti zinaruka kutoka 14 na zinaweza kupita 60 kwa kitambo kidogo kuliko kufumba jicho. Kitambo hicho kinatosha.

Ya pili ni kusudeya. Karoseri na shasi za magari ya Masisi zinavunjika na kusudewa kila wakati, kwa umeme wa gurupe, batri ikiwa bado imefungwa. Umeme wa kusudeya unatafuta njia ya kurudi, na njia hiyo inaweza kupita ndani ya masi ya kompyuta. Kutoa nyaya za batri, kutoa fishi za kompyuta ikiwezekana, na kuweka koleo la masi karibu kabisa na mahali panaposudewa, ni dakika 5 za kazi. Kuanzisha gari kwa batri ya gari nyingine huku kutia na kutoa vimebadilishana ni ya tatu. Hapo mara nyingine fizible kubwa ya alternateri inajitoa sadaka na kuokoa vingine. Mara nyingine haifaulu.

Ya nne ni maji, na hapa barabara yenyewe ina sehemu yake. Wakati wa mvua gari inapita madimbwi yenye kufika juu ya mataa. Maji yanaingia pia bila dimbwi: mpira wa kioo cha mbele ukizeeka, mvua inateremka nyuma ya dashibodi, moja kwa moja kwenye boksi. Dalili ni zulia lenye unyevu upande wa abiria. Boksi iliyolowa isiwashwe. Inatolewa, inafunguliwa, inasafishwa kwa brashi laini na alkoli, inakaushwa siku nzima. Maji peke yake hayaui haraka. Maji pamoja na umeme ndiyo yanakula njia za shaba usiku mmoja.

Kuna pia uzee. Kompyuta za mwanzo wa miaka ya 1990, hasa za Mitsubishi kama Pajero na Galant, zinajulikana kwa kondansateri zenye kuvuja. Ni vijipipa vidogo ndani ya boksi, vyenye maji ya kemikali. Yakitoka yanakula ubao, na boksi ikifunguliwa inatoa harufu kama ya samaki. Toyota kadhaa za umri huo zina ugonjwa uleule. Dawa haihitaji Dubai. Fundi wa radio au wa simu, mwenye fer ya kusudeya na mkono usiotetemeka, anaweza kuvitoa na kuweka vingine vyenye kipimo kilekile, volti sawa au zaidi, kutia na kutoa vikiwa mahali pake. Mafundi wa simu wenye mkono wa namna hiyo wako karibu kila soko la Kivu, lakini ni wachache wanaoitwa kwenye garaji. Makanika anawaona watu wa simu, nao wanamuona mtu wa mafuta machafu. Ukuta huo unawagharimu wenye magari pesa nyingi.

Namba, giabokisi, ufunguo

Ikiwa yote yamepimwa na boksi kweli imekufa, basi inabadilishwa, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Kompyuta mbili zenye sura moja, zilizotoka kwenye RAV4 mbili zenye rangi moja, zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani. Kwenye lebo ya kompyuta ya motere ya Toyota kuna namba yenye kuanza na 89661, kisha mstari, kisha herufi na tarakimu 5. Hizo 5 za mwisho ndizo za kulinganisha, moja kwa moja. Gari ya giabokisi ya otomatiki ina kompyuta nyingine, kwa sababu boksi moja inasimamia motere na giabokisi pamoja. Muuzaji anayesema "itakubali tu" anasema juu ya fishi, si juu ya kilicho ndani ya fishi.

Kisha ufunguo. Tangu 1998 nchi za Ulaya zinadai kila gari ndogo mpya iwe na kinga ya wizi yenye kufunga motere: chipi ndogo ndani ya ufunguo inasalimiana na kompyuta, na salamu isipoeleweka motere inakataa, au inawaka sekunde moja mbili na kuzima. Gari yenye kutoka Ubelgiji au Uholanzi ya miaka ya 2000 karibu kila mara inayo. Zile za zamani zenye kutoka Japani nyingi hazina. Mtu akinunua kompyuta ya okazyo bila ufunguo wake, amenunua nyumba bila mlango. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kununua seti nzima iliyotoka kwenye gari moja: kompyuta, ufunguo wenye chipi yake, na boksi ya kinga kama iko kando. Ya pili ni fundi mwenye kompyuta ndogo na programu, anayesoma chipi ya kumbukumbu yenye miguu 8 ndani ya boksi, na kufuta funguo za zamani ili mpya ziandikwe, au kuhamisha habari kutoka kwa boksi iliyokufa. Kwa mazuti za 1KD za baadaye, kila injekteri ina namba zake ambazo kompyuta inatakiwa kuzijua. Bila hizo motere inawaka, lakini inatetemeka na kutoa moshi.

Kufunga boksi yenyewe ni kazi ndogo mno ukilinganisha na njia iliyopita. Batri inatolewa kwanza, mtu anagusa chuma cha gari ili umeme wa mwilini utoke, fishi zinaingizwa mpaka ziseme klak. Lakini kilichoua boksi ya kwanza kikiwa bado ndani, koili yenye kugusana au alternateri yenye kutoa volti 16, kitaua na ya pili. Alternateri inapimwa kwenye batri motere ikiwaka: kati ya 13.5 na 14.5 ni vema.

Kutoka Mweso mpaka Birere

Piesi za okazyo za Goma zinatafutwa hasa Birere, karibu na mpaka wa Rwanda. Huko nyuma kuna Kigali, kuna Kampala na wauzaji wa Kisekka, na nyuma yao Dubai na Sharjah, ambako magari ya Japani yanavunjwa na kuuzwa kipande kwa kipande. Butembo, mji wa wafanyabiashara wenye kuagiza vitu mpaka Uchina, ilikuwa pia mlango wa piesi kwa Goma, lakini vita vya Lubero viliharibu safari za barabara ya Kanyabayonga.

Mwishoni mwa Januari 2025 AFC/M23 ilipochukua Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Boksi ndogo iliyokuwa inaweza kufika kwa ndege kutoka Kinshasa au nje ikabaki na njia ya barabara tu. Malipo yalihamia zaidi kwenye simu, na makato yake. Kwa Mweso, hayo yalikuja juu ya mengine. Mapigano ya Januari 2024 yalifanya maelfu ya watu wakimbilie ndani ya hospitali kuu ya Mweso, ile yenye kusaidiwa na MSF, na upande wa pili, kwenye njia ya Kashuga, Kalembe na Pinga, vita vilifunga barabara zaidi ya mara moja. Katika hali hiyo gari yenye kuwaka si starehe. Ni mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa anayetoka Kashuga usiku, ni familia yenye kuondoka na godoro kabla risasi hazijakaribia.

Ndiyo maana wenye magari wenye kujifunza kwa hasara hawatumi tena pesa kwa jina la gari tu. Picha ya lebo inatumwa kwa WhatsApp, namba ya motere na aina ya giabokisi zikiwa zimeandikwa chini yake, na muuzaji anaombwa kutuma picha ya lebo yake kwanza. Wengine wanakubaliana kwamba boksi isipowasha gari inarudi, na wanaandika hivyo kwenye fakitire, ingawa kurudisha kitu Goma kutoka Mweso kuna bei yake, na kila kizuizi cha njiani kina maswali yake.

Boksi iliyokufa haitupwi, na haipewi watoto wachezee. Kumbukumbu ya funguo bado iko ndani yake, na fundi wa Goma mwenye programu ataiomba kabla ya kitu kingine. Inafungwa ndani ya plastiki, pamoja na ufunguo wa gari, na kupewa shofere anayeteremka asubuhi.